Mama asiye na simu yake: kadi ndogo za watunga programu

GOMA – Watu wanaotunga programu za simu na kompyuta wana kawaida moja ambayo wakaaji wengi wa Kivu ya Kaskazini hawajawahi kuisikia, ingawa matokeo yake yanawafikia kila wanapoitwa kuandikishwa. Kabla ya kuanza kazi, wanaandika kwenye kadi ndogo sentensi moja tu: nani anahitaji jambo gani, na kwa sababu gani. Kadi hiyo wanaiita hadithi ya mtumiaji. Haina sungura wala fisi. Kwa kawaida inakwenda hivi: “Kama mtu fulani, ninataka jambo fulani, ili nipate faida fulani.”

Ni sentensi ndogo kweli, lakini ndugu zetu walioacha makwao wanaijua kazi yake hata kama hawajui jina lake. Ikiandikwa vizuri, familia inapata habari kwa siku inayofaa. Ikiandikwa vibaya, mama anasimama kwenye foleni toka saa kumi na moja za alfajiri akiwa na mtoto mgongoni, na mchana anaambiwa kwamba jina lake haliko kwenye mashine. Mashine haikumsahau. Haikuambiwa hata siku moja kwamba mtu wa namna yake yupo.

Mwishoni mwa mwaka 2024, kikundi cha vijana watano wa Goma kilipewa kazi ya kutunga programu ya kuwaarifu watu wa kambini siku za ugawaji wa misaada. Kati yao alikuwemo binti mmoja aliyesomea mambo ya kompyuta hapa hapa mjini. Yeye mwenyewe ni mtoto wa vita: familia yake ilitoka upande wa Rutshuru mwaka 2008, wakati wa mapigano ya wakati ule, akakulia kwa shangazi yake. Ofisi iliyowapa kazi iliwapa pia kadi thelathini na moja zikiwa zimekwisha kuandikwa. Ziliandikwa mbali, na watu wenye ujuzi, kwa Kifaransa safi.

Kadi ya kwanza ilisema: “Kama mtumiaji, ninataka kuingia kwa neno la siri, ili nione taarifa zangu.” Ya pili ilisema: “Kama mtumiaji, ninataka kubadilisha picha yangu.” Ya tatu: “Kama mtumiaji, ninataka kupokea ujumbe, ili niwe na habari.”

Binti yule alizisoma zote usiku mmoja, kiisha akauliza wenzake swali moja: huyu mtumiaji ni nani? Ana miaka mingapi? Anajua kusoma? Simu yake anaichajisha wapi, na kwa faranga ngapi? Hakuna aliyeweza kujibu, kwa sababu kwenye kadi zote thelathini na moja mtu huyo hakuwa na uso. Neno “mtumiaji” ni kama gunia: unaweza kutia ndani yake kila kitu, na ukilifunga hakuna anayejua kilichomo. Anayetaka kuandika hadithi inayofaa aanze kwa kulikataa neno hilo, hata kabla ya kujifunza sheria nyingine yoyote.

Basi alikwenda Bulengo, magharibi ya mji, kwenye yale mawe meusi ya volkano ambako maelfu ya familia walikuwa chini ya maturubai. Alichukua kadi tupu na kalamu mbili. Siku ile alizungumza na watu tisa, na mmoja wao ni mama wa watoto watano aliyetoka Masisi. Mazungumzo yao hayakuchukua nusu saa.

“Mama, namba ya simu yako ni ipi?”

“Mwanangu, simu haiko yangu. Ile namba waliyoandika ni ya jirani. Yeye akienda sokoni, simu inaenda naye.”

“Na ujumbe ukifika?”

“Ukifika, mtoto wake anatusomea jioni. Kama uko kwa Kifaransa, tunangoja mwalimu. Kuna siku mwalimu hayuko.”

“Mama, kama simu ingeweza kukusaidia jambo moja tu, ungetaka lipi?”

Mama hakufikiri sana. “Nataka kujua kesho niende kuni ao nibaki.”

Aliyewahi kuishi kambini anaelewa uzito wa jibu hilo. Kwenda kuni ni kwenda mbali, kwa miguu, upande wa hifadhi ya Virunga, kwenye njia ambako wanawake wamekutana na mabaya yasiyohitaji kuelezwa hapa. Hata hivyo kuni ndizo zinazoleta faranga za kununua unga. Akibaki kungoja ugawaji usiofika, watoto wanalala njaa. Akienda, na ugawaji ukafika, jetoni yake inapita. Kila jioni anaamua bila kujua. Kwenye zile kadi thelathini na moja hakuna hata moja iliyogusa jambo hilo.

Jioni ile binti akaandika kadi mpya kwa Kiswahili: “Kama mama anayetumia simu ya jirani, ninataka kusikia kwa sauti, siku moja kabla, kama kesho kuna ugawaji kwenye bloki yangu, ili nijue kwenda kuni au kubaki.”

Tazama tofauti. Kadi ya ile ofisi ilisema “ili niwe na habari.” Habari ya nini? Mtu halali na habari tumboni. Katika sentensi ya namna hii, neno “ili” ndilo lenye kazi kubwa kuliko yote, na ndilo linaloandikwa kwa uvivu kuliko yote. Wengi wanajaza tu pengo: “ninataka kupokea ujumbe ili nipokee ujumbe.” Lakini “ili” ikiwa ya kweli inaweza hata kubadilisha kile kinachotakiwa. Mara ilipojulikana kwamba shida ni kuamua jioni kwa ajili ya kesho, ikaonekana kwamba ujumbe wa saa mbili za asubuhi ni bure kabisa, hata ukiwa umeandikwa kwa maneno mazuri namna gani. Ikaonekana pia kwamba neno la siri, picha na ukurasa wa taarifa havina kazi kwa mama huyo. Kazi ya wiki nyingi ikaondoka mezani kwa sababu ya neno moja.

Kawaida hii ya kadi haikuzaliwa Goma, wala haikuzaliwa kwa ajili ya misaada. Ilianzia Marekani, kwenye kampuni ya magari ya Chrysler, katika kazi iliyojulikana kama C3. Ilikuwa programu ya kulipa mishahara. Mwaka 1996 aliitwa mtaalamu Kent Beck kuisaidia, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwama. Yeye na wenzake waliwaweka watunga programu pamoja na watu waliojua mambo ya mishahara, na hao ndio waliotakiwa kusema wanachohitaji, kidogo kidogo, kwenye kadi za karatasi. Mwaka 1997 programu ile ilianza kulipa wafanyakazi wapatao elfu kumi. Haikuwafikia wote waliokusudiwa, na mwaka 2000 kampuni iliisimamisha. Inafaa kulisema wazi, kwa sababu siku hizi kuna wanaozisifu kadi kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Lakini namna ile ya kufanya kazi ilibaki na kuenea, hasa baada ya Beck kuitolea kitabu mwaka 1999.

Mtu anaweza kuuliza mishahara ya Detroit inahusianaje na unga wa Bulengo. Yote mawili ni orodha za majina. Kwenye orodha zote mbili, jina likikosekana, kuna nyumba ambayo haipiki.

Mwezi wa pili 2001, wataalamu kumi na saba, wanaume watupu, walikutana milimani huko Utah wakaandika tamko lao juu ya utungaji wa programu unaokubali mabadiliko, ule unaoitwa ajaili. Mwaka huo huo, kwenye kampuni ya Connextra mjini London, ile sentensi ya “kama… ninataka… ili…” ikapata umbo lake. Na Ron Jeffries, aliyekuwa pamoja na Beck kwenye kazi ya Chrysler, akaeleza kwamba hadithi ina sehemu tatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Sentensi ya London ndiyo iliyopata umaarufu, pengine kwa kuwa ni rahisi kuinakili. Maneno matatu ya Jeffries ndiyo yenye faida zaidi. Kadi ni ukumbusho tu kwamba kuna watu wanaopaswa kukaa na kuongea. Mtu akiandika kadi mia peke yake chumbani, hata akifuata umbo la sentensi herufi kwa herufi, bado hajaandika hadithi hata moja. Kadi thelathini na moja za ile ofisi zilikuwa na umbo zuri. Kilichokosekana ni mazungumzo.

Baada ya mazungumzo ndipo unafika uthibitisho, yaani masharti yanayoandikwa nyuma ya kadi ili wote wakubaliane lini kazi itahesabiwa imekwisha. Kikundi kilibishana juu ya masharti hayo kuliko jambo lingine lolote, na ilifaa kubishana. Waliafikiana kwamba simu ipigwe kabla ya saa kumi na moja za jioni, wakati wanawake wengi wamerudi na bado kuna mwanga. Sauti iwe ya mtu, kwa Kiswahili kinachosemwa Goma, si kile cha vitabuni. Simu isipopokewa, ipigwe tena mara mbili. Anayepokea asilipe uniti hata moja. Ugawaji ukiahirishwa, habari ya kuahirishwa ifike kwa njia ile ile, kwa watu wale wale, jioni ile ile.

Kiisha binti akaongeza sharti lingine lililowashangaza wenzake: sauti isitaje jina la mama, wala isiseme ni vitu gani vitagawiwa. Mmoja akasema, “Lakini dada, atajuaje kwamba simu ni yake?” Akamjibu, “Simu haiko yake. Ndiyo maana.” Simu inapolia kwa jirani, haijulikani nani amekaa karibu. Kutangaza kwamba nyumba fulani kesho itakuwa na mafuta na unga ni kuwaonyesha wezi mlango, na hapa kwetu hata orodha ya majina ya watu na mahali walikotoka inaweza kumfikisha mtu pabaya. Basi ujumbe utaje bloki tu, na kila mmoja anaijua yake.

Namna ya kupima nayo waliiandika. Hawakuandika “ujumbe uwe rahisi kueleweka,” kwa maana sentensi hiyo haipimiki. Kila mtu atasema wake ni rahisi. Waliandika hivi: tutapiga simu ndogo ya vitufe, tumpe mtu asiyejua kusoma, asikilize mara moja, kisha tumuulize, “Kesho utafanya nini?” Akijibu sawa, kadi imepita. Asipojibu sawa, tunarudi mezani. Waliwajaribu watu sita. Wawili wa kwanza walijibu vibaya, kwa sababu sauti ilitaja tarehe, na kambini watu wanahesabu siku za juma zaidi kuliko tarehe. Wakabadilisha, wakasema “kesho, siku ya tano,” na waliofuata wakajibu sawa.

Bill Wake alitoa mwaka 2003 alama sita za kujua hadithi nzuri: isitegemee nyingine, iache nafasi ya kujadiliana, iwe na faida kwa mtu, kazi yake iweze kukadiriwa, iwe ndogo, na iweze kupimwa. Zote zina maana, ila hapa inatosha kukaa kwenye udogo, kwa sababu hapo vijana wengi wanajikwaa. Kadi moja ya ile ofisi ilisema: “Kama shirika, ninataka kuandikisha watu wote wa kambi.” Hiyo ni kazi ya miezi. Inabidi kuikata, na swali ni kuikata wapi. Watunga programu wanapenda kukata kufuatana na mitambo: mwezi huu tutengeneze ghala la majina, mwezi ujao kurasa, mwezi wa tatu ujumbe. Ni kama mama anayewapa watoto moto leo, kesho maji, kesho kutwa unga. Kila siku amefanya kazi, na kila siku wamelala njaa. Mkato unaofaa unatoa sahani ndogo iliyo kamili, bugali kidogo na sombe kidogo: bloki moja tu, ujumbe mmoja tu, lakini toka mwanzo mpaka mwisho, mpaka sikioni mwa mtu. Kikundi kilianza na bloki moja. Baada ya wiki mbili familia za bloki ile zilipokea simu ya kwanza.

Kulikuwa na kadi nyingine iliyoleta maneno mengi: “Kama msimamizi, ninataka kuona majina yote, namba zote na vijiji vya asili, ili nifuatilie vizuri.” Binti aliuliza, kufuatilia nini? Ofisi ilijibu kwamba ni kawaida. Hilo halikuwa jibu. Hadithi isiyoweza kutaja “ili” yake mara nyingi inaficha tamaa ya kujua tu, na kwenye nchi yenye vita tamaa hiyo ina bei. Kadi hiyo iliwekwa pembeni mpaka mwenyewe arudi na sababu. Hakurudi.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza vita viliingia Goma, na mwezi wa pili kambi za kandokando ya mji, Bulengo na Lushagala miongoni mwao, zikabomolewa kwa siku chache. Watu walifunga vyombo juu ya chukudu, juu ya vichwa, juu ya pikipiki. Wengine walirudi Masisi na Rutshuru walikokuta nyumba zimeungua, wengine waliingia kwa ndugu mjini, wengine haijulikani.

Kwa programu pia lilikuwa pigo. Neno “bloki” lilikuwa kwenye kadi, kwenye ujumbe, na kwenye ghala la majina. Sasa hakukuwa na bloki popote. Hata kadi ile nzuri ya mama wa kuni ilikuwa imemfunga mtu kwenye mahali. Lakini kwa kuwa kikundi kilikuwa kimetengeneza kidogo kidogo, vitu vya kutupa havikuwa vingi. Sehemu ya sauti ilibaki. Masharti ya usiri yalibaki, tena yakawa na maana kuliko mwanzo. Walichukua kalamu, wakafuta “kwenye bloki yangu,” wakaandika “karibu na mahali nilipo wiki hii.” Maneno machache yalibadilika, kazi ya wiki nne ikafuata. Majina yaliyokuwa yameambatana na namba za bloki waliyafuta kabisa, bila kuongoja ruhusa ya mtu.

Watu wawili kati ya wale tisa wa Bulengo walipatikana mtaani Ndosho, wakaulizwa upya. Majibu yao yalikuwa tofauti na ya mwanzo, kama ilivyotazamiwa. Anayelala kwa shemeji haogopi tena kukosa jetoni. Anaogopa shemeji kujua kwamba ameandikishwa, akamwambia sasa una chako, toka. Hilo nalo limeandikwa kwenye kadi, na kwa mara ya kwanza kuna hadithi inayoanza na “kama mtu anayelishwa na ndugu.” Ni wengi sana mjini hapa, na orodha nyingi haziwahesabu kwa sababu hawako chini ya turubai.

Mama wa Masisi hajapatikana. Namba iliyoandikwa kwa jina lake bado inaita, na anayepokea ni yule jirani wa zamani, ambaye sasa yuko Sake. Anasema waliachana njiani siku ya kuondoka, yule mama akapanda na watoto upande wa milima. Simu ilienda na mwenye simu.

Binti ameandika kadi kwa ajili yake: “Kama mama aliyepotezana na jirani mwenye simu, ninataka kujitambulisha kwenye simu ya mtu yeyote bila kutaja jina langu, ili nihesabiwe mahali nilipo.” Wenzake wamependekeza neno la kukumbuka ambalo kila mtu angelichagua siku ya kuandikishwa, jina la mto wa kwao au la ng’ombe wake. Wengine wanasema redio ndiyo itakayowafikia walio milimani kabla ya programu yoyote. Kadi iko ukutani, upande wa mbele umejaa. Nyuma hawajaandika sharti lolote, kwa sababu anayepaswa kuyasema hawajaongea naye.